Fundi wa Nguo na Mota ya Kisima

Mota ya cherehani yangu iliungua mwezi wa Januari, wiki ile ambayo kila mzazi wa Nkubu hukumbuka ghafla kwamba mtoto wake hana sare. Nilikuwa katikati ya suruali ya kaki. Mota ikanguruma, ikakataa kuzunguka, kisha ikatoa harufu kali ya rangi iliyochomwa. Nilizima swichi nikabaki nimeikodolea macho kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyezirai.

Niliipeleka kwa fundi mmoja Meru mjini. Akaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu akasema Alhamisi. Wiki ya tatu niliikuta mota yangu mahali palepale nilipoiweka, juu yake kukiwa na kikombe cha chai. Sikukasirika kwa kuchelewa, maana hata mimi huwachelewesha wateja. Nilimuuliza swali moja tu: "Lakini ndani yake kuna nini? Ni kitu gani hasa kimeungua?"

Fundi akacheka. "Mama, wewe shona. Mambo ya mota tuachie sisi."

Wateja wengine waliokuwa pale nao wakacheka. Nikaondoa kile kikombe, nikatia mota kwenye kiondo, nikaondoka nayo. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na kamba ya kiondo ilinikata kipaji cha uso hadi nikafika nyumbani. Miezi miwili iliyofuata nilishona kwa cherehani ya miguu aliyoniachia mama yangu, huku nikijiuliza swali lilelile. Miaka ishirini nilikuwa nimekanyaga kile kikanyagio, mota ikanitii, na sikuwahi kujua inanitii kwa nini.

Tangazo nililiona mlangoni mwa duka la dawa za mifugo. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono: Jifunze jinsi mota ya stima inavyofanya kazi, kila Jumamosi alasiri, karakana iliyo nyuma ya ukumbi wa kanisa, wote wanakaribishwa. Neno "wote" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Nililichukulia kwamba nimeandikiwa mimi.

Mume wangu ni mkulima wa kahawa, mtu asiyependa kubishana. Nilipomwambia aliweka kijiko chini.

"Stima si uzi," akasema. "Uzi ukikukosea unaufumua."

"Ndiyo maana nataka kufundishwa."

Akakichukua tena kijiko. "Basi vaa viatu vya raba."

Tulikuwa watu kumi na wawili, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Wengi walikuwa wakulima wenye mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Mmoja alikuwa na mashine ya kusaga unga huko Muthara, na kila Jumamosi alisafiri mwendo wote huo kuja kwetu, kwa sababu mota yake ilikuwa imemchosha kuliko safari. Mwalimu wetu alikuwa mzee kutoka Embu ambaye maisha yake yote ya kazi alizitunza mota za kiwanda cha majani chai. Alikuwa amestaafu, na alisema kukaa nyumbani kulikuwa kunamzeesha. Alifundisha bila malipo. Sisi sote tulimwita mwarimu, kwa matamshi ya nyumbani, naye aliitika.

Siku ya kwanza hakugusa ubao. Alimpa kila mmoja wetu betri moja, kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye spika kuukuu, na waya mwembamba wa shaba uliopakwa rangi. Akatuambia tuuzungushe waya huo kwenye betri mara kumi na tano, tuuchomoe ukiwa duara, na kuacha ncha mbili zimejitokeza. Ncha moja tuikwangue rangi yote. Ya pili tuikwangue upande mmoja tu.

"Kwa nini upande mmoja?" akauliza yule wa Muthara.

"Kwangua kwanza. Utaniambia mwenyewe."

Wanaume walizungusha waya kama watu wanaofunga mbuzi. Duara zao zililegea, nyingine zikawa kama yai. Mimi mikono yangu ilikuwa imejaza bobini tangu nikiwa msichana. Nililaza kila mzunguko kando ya mwenzake, nikaufunga kwa ncha yake, nikaukwangua kwa wembe. Kisha nikauweka juu ya vishikizo viwili vya chuma vilivyounganishwa na betri, sumaku ikiwa chini yake, nikausukuma kidogo kwa kidole.

Ukaendelea kuzunguka. Ulizunguka wenyewe, kasi ikaongezeka hadi nisiuone waya tena bali kivuli cha rangi ya shaba. Nilipiga ukelele hadi wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi ukumbini wakanyamaza.

Mwalimu alikuja akasimama nyuma yangu. "Nani alikufundisha kuzungusha waya?"

"Bobini, mwarimu."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Sasa nitakupa nusu nyingine." Akawaita wote wakusanyike kwenye meza yangu. Alisema waya ukipitishwa stima hugeuka sumaku, na stima ikikatwa, usumaku nao unatoka. Sumaku mbili huvutana au hukataana. Duara lile dogo lilivutwa na sumaku ya chini, na kabla halijatulia, ule upande uliobaki na rangi, isiyopitisha stima, uliikata, likaponyoka, likapita kwa kasi yake, likavutwa tena. "Mota ni hiyo tu," akasema. "Ni kitu kinachofukuzia na kila kikikaribia kufika kinahamishiwa mbele. Nyingine zote, hata zile za kiwanda, ni hii hii imevaa koti."

Nilirudi nyumbani na ile mota ndogo kwenye kikopo cha siagi. Niliizungusha mezani mbele ya mume wangu. Aliinama akaitazama muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuisukuma yeye. Niliisimamisha nikamwachia. Aliisukuma mara sita.

Katika wiki ya tano au ya sita mwalimu alileta habari ya mota zenye nyaya tatu, zile kubwa za mashine za kusaga na pampu. Aliandika mengi ubaoni, na nakiri sikuelewa hata mstari mmoja. Wengi hatukuelewa. Aliona nyuso zetu, akafuta ubao, akaniita mimi katikati ya karakana. Kisha akawasimamisha wanaume watatu kunizunguka, kila mmoja kwenye pembe yake.

"Nyinyi ni nyaya tatu," akawaambia. "Mtapiga makofi kwa zamu. Wewe, halafu wewe, halafu wewe. Na wewe mama, mtazame anayepiga."

Wakapiga. Niligeuka kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa tatu, tena kwa wa kwanza. Walipoongeza kasi nilijikuta nazunguka kuelekea kulia kama pia, gauni likipepea, watu wakicheka. Mwalimu akapaza sauti, "Simameni!" Akawachukua wawili kati yao akawabadilishia nafasi, zamu za kupiga zikabaki zilezile. "Haya, tena."

Wakapiga, nami nikazunguka kuelekea kushoto.

Nilisimama ghafla katikati ya makofi. "Mwarimu! Umebadilisha wawili tu!"

"Wawili tu," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha kama ya mtu aliyezalisha.

Baada ya hapo nilijiona niko tayari kwa mota yangu ya cherehani. Niliifungua kwenye benchi la karakana. Ndani ya gamba la chuma mlikuwa na mafungu ya waya yaliyolazwa kwenye mifereji kuzunguka pande zote, meusi kama maharagwe yaliyoungulia sufuriani. Hatimaye nilikuwa nimejibiwa: kilichoungua ni hicho. Niliukata ule waya ulioungua, nikahesabu mizunguko ya kila fungu, nikaandika, nikazungusha waya mpya, nikaanza kuuingiza kwenye mifereji. Ilinichukua Jumamosi tatu. Mwalimu alipita mara mbili tatu bila kusema neno, na nilichukua ukimya wake kuwa sifa.

Siku ya kuijaribu kila mtu alikuja kutazama. Niliwasha. Ikanguruma, moshi ukapanda, na ile harufu ya Januari ikajaa karakana. Nilizima. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Mwalimu hakuifungua yeye. Alinipa kioo cha kukuzia akasema, "Tafuta mwenyewe." Nilitafuta karibu saa nzima. Mwishowe nikaona, kwenye mfereji mmoja, waya uliochunwa rangi yake kwa mkwaruzo usiozidi upana wa ukucha. Nyaya mbili zilikuwa zimegusana pale zikiwa uchi.

"Uliuingiza kwa kutumia nini?" akaniuliza.

"Bisibisi."

Mara tu niliposema nilijionea haya. Mimi ambaye nimewakanya wanafunzi wangu wote wa ushonaji kwamba kola ya shati haigeuzwi kwa ncha ya mkasi, maana mkasi utatoboa! Kola hugeuzwa kwa kijiti. Nina kijiti changu cha mwanzi, nimekitumia hadi kimeng'aa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nacho. Nilianza upya kabisa, nikalaza waya kidogo kidogo, nikiusukuma kwa mwanzi, na mafungu yalipokamilika niliyafunga kwa uzi nikitumia mshono ninaoujua mimi, ule wa kushikiza pindo zito. Yule wa Muthara alisema mota ile ilikuwa nadhifu mno kufungiwa ndani ya chuma. Tuliipaka vanishi, tukaianika hadi ikakauka.

Ilipowashwa haikunguruma. Ilianza kwa pumzi moja, ikapanda, ikatulia kwenye mlio mmoja laini. Mwalimu aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo, akaitikia kwa kichwa polepole.

Niliifunga kwenye cherehani jioni ileile. Mume wangu alikuwa ametoka shambani, mikono imebadilika rangi kwa maganda ya kahawa, akasimama mlangoni. Nilishona mshono mrefu kwenye kipande cha marinda, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama.

"Inaimba," akasema.

Kesho yake aliwaambia watu kiwandani walikopeleka kahawa. Aliwaambia kanisani. Nadhani aliwaambia hata ng'ombe. Nilianza kuletewa mashine za kukatia majani, na nyingine nilizitengeneza, nyingine nikazipeleka karakana tukazitazama pamoja na mwalimu. Habari ikavuka hadi kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Siakago.

Dada yangu alipiga simu asubuhi moja nikiwa nakata kitambaa. Hakunisalimia vizuri. "Mdogo wangu, ni kweli unatengeneza mota?"

"Ndogo ndogo, dada."

"Njoo. Nimeshawaambia unakuja."

Kule kwao ni tambarare, jua kali, na mvua huja inapotaka. Kijiji kilikuwa na kisima na pampu inayosukuma maji hadi tangi lililo juu ya kilima, na kutoka hapo mabomba huyashusha kwenye vituo vya watu. Mota ya pampu iliungua. Waliipeleka kutengenezwa, ikarudi, ikafungwa. Tangu siku hiyo pampu ilinguruma mchana kutwa lakini maji yalifika kwenye bomba la chini tu, membamba kama uzi. Tangi lilikuwa limekauka miezi miwili. Wanawake walikuwa wamerudia punda na safari ya mtoni. Mafundi watatu walikuwa wamekuja kwa zamu, na wote walisema pampu imekwisha, inunuliwe nyingine.

Nilimpigia mwalimu nikimwomba aende yeye. Alikuwa na maumivu ya nyonga, hakuweza kusafiri. "Nenda utazame," akasema. "Kutazama hakuunguzi kitu. Na kabla ya kugusa, toa fyuzi. Usimwachie mtu mwingine."

Nilifika nikiwa na mkoba wangu wa ushonaji, ndani yake plaizi, tesita na bisibisi mbili. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mzee nadhifu, karani mstaafu, kalamu mbili mfukoni. Alinisalimia kwa heshima, kisha akamgeukia dada yangu.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye."

"Nilisikia ni mshonaji."

"Ni mshonaji pia," dada akasema, na jinsi alivyolitamka lile neno "pia" hapakuwa na la kuongeza.

Watu kama thelathini walikuwa wamejaa mlangoni mwa kile kibanda cha pampu. Nikaanza kwa kuuliza, maana kuuliza sikuogopa.

"Kabla mota haijaungua, maji yalikuwa yanafika kwenye tangi?"

"Yalikuwa yanafika hadi yanamwagika," mwenyekiti akajibu.

"Pampu ilikuwa hii hii?"

"Hii hii."

"Basi iliyobadilika ni mota, si pampu."

Alichomoa kalamu moja mfukoni, akaisogelea pampu.

Nilitoa kitambaa nikafuta mwili wa pampu. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka, na juu ya rangi kulikuwa na vumbi na grisi. Nilisugua kwa dakika kadhaa hadi vidole vikahisi kitu kilichoinuka kwenye chuma. Ulikuwa mshale. Watengenezaji wa pampu huuweka hapo kuonyesha upande inaopaswa kuzunguka. Nilimwomba mwendesha pampu aiwashe kidogo, kisha aizime. Ilipokuwa ikipunguza kasi nilitazama feni iliyo nyuma ya mota, kupitia matundu ya kifuniko chake. Sikuyaamini macho yangu, nikamwita dada.

"Tazama ile feni ikikaribia kusimama. Juu yake inaelekea wapi?"

Dada akainama. "Kule kwa mbuzi."

"Na mshale?"

"Unaelekea barabarani."

Mwenyekiti naye akainama, akatazama, akainuka. "Lakini kama inazunguka kinyume, mbona maji yanatoka?"

"Mzee, ukichota uji kwa mgongo wa kijiko hutakosa kabisa. Utapata kidogo."

Mwanamke mmoja mlangoni akaguna kwa nguvu, ile sauti ya mtu aliyeelewa.

Nilizima swichi kuu, nikatoa fyuzi zote tatu, nikazitia mfukoni mwa aproni. Nikapima kwa tesita mara mbili kuhakikisha stima haimo. Nikafungua kisanduku kidogo kilicho ubavuni mwa mota. Nyaya tatu zilikuwa hapo, zimefungwa vizuri. Aliyezifunga hakuwa mzembe, alikosea mpangilio tu. Nililegeza mbili, nikazibadilishia nafasi, nikazikaza. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kutia kifungo kwenye shati.

Nilirudisha fyuzi. Nikasema kwa sauti, "Rudini nyuma kidogo," nikawasha.

Hata kabla ya kutazama kitu nilisikia. Mlio ulikuwa mzito zaidi, kama wa mtu aliyeinua mzigo wa kweli. Bomba kubwa likatikisika. Sindano ya kipimo cha nguvu ya maji, ambayo ilikuwa imelala chini muda wote huo, ikainuka, ikaendelea kuinuka. Mwendesha pampu alishika bomba kwa mikono miwili. "Yanapita," akasema. "Maji yanapita! Mengi!"

Hakuna aliyepiga kelele bado. Watu wa pale walikuwa wamedanganyika mara tatu. Wote waligeuka wakatazama kilimani, ambako wanawake wawili walikuwa wametangulia. Tulisubiri. Dada yangu alinishika kiganja akanibana hadi pete yake ikaniumiza. Kisha tukaona mmoja wa wale wanawake amevua kitambaa chake cha kichwa anakipunga, anaruka, na sauti yake ikatufikia ikiwa imechelewa kidogo nyuma ya mikono yake. Hapo ndipo vigelegele vilipolipuka. Watu walinikumbatia na mikono yangu imejaa grisi. Bibi mmoja alinitemea mate ya baraka kifuani, kidogo tu, jinsi wazee wetu hufanya.

Mwenyekiti alisubiri watulie. "Mwalimu," akaniita, na sikujua ananiita mimi hadi aliporudia. "Nionyeshe hizo nyaya mbili. Na unichoree." Alitoa daftari akaandika kila nilichosema, kisha akanisomea ili nisahihishe. Nilichora mshale mkubwa kwenye gamba la mota kwa chaki yangu ya kushonea, naye akamtuma mtu alete rangi nyekundu tuupake juu yake usifutike.

Nilitoka nje nikampigia mwalimu wangu. "Mwarimu, maji yamepanda."

"Ulitoa fyuzi?"

"Nilizitoa, nikaziweka mfukoni."

"Basi umehitimu," akasema, na nikamsikia akimwita mke wake aje asikie.

Tulikula ndengu na chapati kwa dada, mchana kutwa watu wakiingia na kutoka, na saa kumi hivi jioni tukapanda kilimani. Tangi lilikuwa limejaa. Tulipofika lilianza kufurika, maji yakiteremka ubavuni mwake na kufanya kijito kwenye vumbi jekundu, watoto wakikanyaga humo na mbuzi wakiharakisha kuja kunywa. Mwendesha pampu alianza kukimbia chini akazime, maana maji kule hayamwagwi ovyo.

Dada yangu alimwita. "Ngoja kwanza," akasema. "Yaache kidogo. Mdogo wangu ayaone."